Nani aliandika umri wa huyu mutoto?

Wakati wa vakansi, turnua za watoto zinaanza karibu na kariere, toka Nyangwe mpaka upande wa Kabambare. Nyuma ya jezi mpya kuna mambo ambayo wazazi hawaambiwi: watoto wanaochukuliwa toka ekipi moja mpaka ingine, miaka inayopunguzwa kwenye karatasi, na wale wanaofutwa kwenye listi bila kujua sababu.

Daftari lilikuwa langu. Ndani yake niliandika majina 22 ya watoto wa ekipi yetu, na pembeni ya kila jina mwaka wa kuzaliwa. Ilikuwa ekipi ya watoto wa miaka 15 kushuka chini. Nilikuwa sekretere. Mushahara hakuna, lakini kalamu ilikuwa yangu, na mwenye kalamu njo anasema nani anacheza na nani anabaki nje.

Siku tatu mbele ya nusu-finali, PDG wa shimo mwenye alitununulia jezi akafika na pikipiki tatu. Nyuma ya kila pikipiki kulikuwa kijana mumoja. Akaniambia: «Sekretere, andika hawa.» Nikamuuliza: «Wako na miaka ngapi?» Akacheka. «Kalamu iko kwako. Andika 14.»

Nikaandika.

Sitajificha nyuma ya PDG. Ili watatu waingie, ilibidi watatu watoke. Nikapiga mustari kwenye jina la mulinzi wa kushoto, mutoto mwenye hakukosa mazoezi hata siku ya mvua. Nikapiga kwenye jina la mutoto wa mama mumoja muuza samaki. Na ili watu wasiseme kama ninapendelea ndugu zangu, nikapiga kwenye jina la mutoto wa dada yangu.

Siku ya muchezo tulikuwa tunaongoza 2 kwa 0. Mama mumoja wa upande mwingine akaingia mpaka kwenye mustari, akamuonyesha namba 9 wetu kidole: «Huyu tulizaa na mama yake mwaka moja, pamoja na mukubwa wangu. Mukubwa wangu iko na watoto wawili. Namna gani huyu angali na miaka 14?» Uwanja wote ukacheka. Muchezo ukasimama. Namba 9 aliinamisha kichwa, kwani yeye hakuomba kudanganya, aliambiwa tu apande pikipiki. Tukaondolewa, PDG akarudi na jezi zake.

Kesho yake nilienda kwa dada kusema kama nafasi ya mutoto imerudi. Sikumukuta. Alikuwa amefuata wenzake kwenye kariere kubeba michanga. Alikuwa na miaka 13, ya kweli.

Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma na nimesikiliza mengi juu ya hii mambo. Haya ninayoandika ni kwa baba mwenye iko shimoni saa mutoto wake anacheza, na kwa mama mwenye anapelekewa habari njema na mutu asiyemujua.

Mupira unaofuata pesa ya shimo

Muchimbaji anajua: shimo likitoa, kila mutu anakuwa ndugu yako. Kwenye mupira ni vilevile. PDG akipata zahabu, anataka jina. Jina linapatikana kwa ngombe, kwa nyumba ya mabati, na kwa ekipi inayoshinda Jumapili. PDG wa kariere ya pili naye hakubali kushindwa mbele ya wachimbaji wake. Basi wote wawili wanatuma watu kutafuta watoto wenye miguu.

Mutoto hauzwi kwa bei kubwa. Viatu, sahani ya wali na nyama, safari ya pikipiki, na ahadi ya kulipiwa masomo. Mwezi wa pili anachukuliwa na ekipi ingine kwa viatu vizuri zaidi. Katika sezoni moja mutoto anaweza kuvaa jezi tatu. Siku anavunjika muguu, kila ekipi inasema kama alikuwa wa wengine, na anayetafuta pesa ya hospitali ni mama yake.

Hasara haiko kwa yule mutoto peke yake. Ekipi ya mutaa yenye ilimufundisha toka miaka 10 inabaki na nafasi wazi. Ekipi iliyomuchukua inafukuza mutoto wake wa zamani ili apate pahali. Ni sawa na mutu anayeondoa miti ya kushikilia galeri moja ili akashikilie galeri ingine. Leo inaonekana kazi imeendelea. Mvua ikinyesha, zote mbili zinaanguka.

Tamaa yenyewe ninaielewa. Tumeona AS Maniema Union ya Kindu ikifika kwenye makundi ya Kombe la Mabingwa wa Afrika katika sezoni ya 2024-2025, ikicheza na Raja na AS FAR za Maroko na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini. Tunajua TP Mazembe ilibeba kombe hilo mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mutoto wa Nyangwe kuota Lubumbashi si dhambi. Dhambi ni ya mukubwa anayeuza ile ndoto kama mchanga uliochanganywa na vyuma vya manjano.

Walishinda uwanjani, wakashindwa na karatasi

Musifikiri kama ni ugonjwa wa Wakongomani peke yetu. Tuvuke mpaka tufike Uganda.

Kuna muchezo mumoja wa Wamarekani, bezboli: mutu anarusha kampira kadogo, mwingine anakapiga na fimbo, kisha anakimbia. Ndugu yake ni softbol, yenye mpira mukubwa kidogo, na huko Marekani wanaoicheza sana ni wasichana. Kila mwaka kunafanyika kombe la dunia la watoto la bezboli katika muji wa Williamsport, Marekani. Mwaka 2011, watoto wa Kampala walishinda kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Hakuna ekipi ya Afrika yenye ilikuwa imefika Williamsport mbele yao. Mizigo ilikuwa karibu kufungwa.

Viza zikakataliwa. Wakubwa wa Marekani walisema tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi za watoto wengine hazikupatana. Nafasi yao ikapewa watoto wa Dhahran, katika Saudia. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2012, watoto wa Kanada wenye walipashwa kucheza nao wakapanda ndege, wakaenda kuwafuata Uganda ili muchezo ule ufanyike. Ni jambo zuri, lakini halikurudisha kombe lililopita.

Mwaka ule wa 2012, ekipi ingine ya Uganda, ya Lugazi, ilishinda tena kanda. Safari hii karatasi zilikubaliwa. Watoto wa Lugazi wakawa Waafrika wa kwanza kufika kwenye kombe lile, na huko wakashinda muchezo moja juu ya ekipi ya Oregon, Marekani. Kati ya mwaka wa kulia na mwaka wa kucheka, tofauti haikuwa nguvu ya mikono. Ilikuwa karatasi.

Na Wamarekani wenyewe? Mwaka 2001, kwenye kombe lile lile, mutoto mumoja wa New York, mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, aliwashangaza watu wote. Danny Almonte alirusha mpira kwa nguvu mpaka wapigaji walikuwa wanaona upepo tu. Umri wa mwisho ulikuwa 12. Wachunguzi wakapata karatasi mbili za kuzaliwa, na ya kweli ilionyesha miaka 14. Ekipi ilikuwa imemaliza ya tatu. Ushindi wote ukafutwa. Baba yake na mwanzilishi wa ekipi wakakatazwa kukaribia muchezo huo maisha yao yote. Tena ikajulikana kama pale New York mutoto hakuwa anaenda masomo. Wakubwa walikuwa na haraka ya kombe, kalamu na daftari zikasahaulika.

Hata kwenye softbol ya wasichana, makochi wa vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wanazungumza na watoto wa miaka 13 na 14, wanawapa ahadi ya nafasi miaka minne mbele ya wakati. Mwaka 2018 wakubwa wa michezo ya vyuo wakaweka mpaka: hakuna kuzungumza na msichana juu ya nafasi mbele ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa sekondari unaotangulia wa mwisho. Kama nchi tajiri imeona lazima kumulinda mutoto na haraka ya wakubwa, sisi wa mashimo tunangojea nini?

Mukono unasema kile kinywa kilificha

Tangu Kombe la Dunia la miaka chini ya 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA inatumia mashini ya kupiga picha ndani ya kifundo cha mukono. Mutoto anayekua ana nafasi ndogo kati ya mfupa na mwisho wake, pahali mfupa unapoongezeka. Akimaliza kukua, nafasi ile inafungika. Picha ikionyesha kama imefungika kabisa, huyo mutu karibu hakika amepita miaka 17. Mashini haiulizi jina la PDG.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, Kameruni ilikuwa inatayarisha ekipi yake ya chini ya miaka 17. Samuel Eto'o, mukubwa wa shirika la mupira la kule, aliagiza vijana wapigwe picha ya mikono. Kati ya wachezaji 30, 21 walikutwa wamepita umri. Ilibidi kutafuta wengine siku chache tu mbele ya kombe.

Fikiri wale 21. Wengine walikuwa na kipaji cha kweli, na kama wangechezeshwa kwa umri wao, labda wangefika pahali. Mutu alipowapunguzia miaka miwili ao mitatu, alifikiri anawasaidia. Njia ya mwongo ni fupi. Kwao ilifika mwisho kwenye mulango wa hospitali.

Na tufikiri pia yule mutoto wa kweli wa miaka 15, mwepesi, mfupi, mwenye alikaa nyumbani kwa sababu pahali pake palichukuliwa na mwanaume mwenye ndevu. Jina lake halikuandikwa kwenye gazeti lolote.

Silas, mutoto wa Kinshasa mwenye alipoteza jina

Kisa cha Silas ninaomba kila muzazi akisome mara mbili.

Silas Katompa Mvumpa alizaliwa Kinshasa tarehe 6 Oktoba 1998. Alienda Ubelgiji kujaribiwa na klabu kubwa. Viza yake ilipokaribia kwisha, manaja mumoja akamuambia kama akirudi Kongo hatarudi tena Ulaya. Akamupeleka Ufaransa, akakaa kwake. Toka pale, kufatana na maelezo yaliyotolewa na klabu yake ya Stuttgart, Ujerumani, mwezi wa sita wa mwaka 2021, karatasi zake zilibadilishwa. Akaitwa Silas Wamangituka, na mwaka wa kuzaliwa ukawa 1999. Mwaka moja tu ulipunguzwa. Lakini tangu siku ile mwenye kushika siri akawa bwana wake: paspoti kwa manaja, pesa inapita kwa manaja, na kijana anaishi na woga.

Alicheza vizuri. Alifunga magoli, na Ujerumani walimuchagua kuwa kijana bora wa sezoni ya 2020-2021. Lakini alikuwa anashangiliwa kwa jina ambalo si lake. Mwishowe yeye mwenyewe akaamua kusema ukweli. Shirika la mupira la Ujerumani likamusimamisha miezi mitatu na kumulipisha euro 30.000. Azabu haikuwa kubwa zaidi, kwa sababu walimuona kama mutu mwenye alitumiwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Kodivaa, Kongo ilikuwa nyuma ya Maroko goli 1 kwa 0. Mwenye alisawazisha alikuwa Silas, na safari hii kwa jina lake la kweli. Leopards walifika nusu-finali mwaka ule. Nilikuwa ninasikiliza kwenye radio pamoja na wachimbaji. Wakati goli liliingia, muzee mumoja aliuliza: «Huyu njo yule mwenye walimunyanganya jina?» Tukasema ndiyo. Akasema: «Basi amelirudisha.»

Pesa iko kwenye listi ya kweli

Watu wengi wa ekipi ndogo wanafikiri kama karatasi za kweli ni mambo ya wazungu. Sasa nitahesabu kama negosian anavyohesabu gramu.

Sheria ya FIFA inasema hivi: muchezaji akiuzwa toka nchi moja mpaka nchi ingine mbele mukataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa zile ekipi zilizomufundisha toka sezoni ya miaka yake 12 mpaka ya miaka 23. Kila sezoni ya miaka 12 mpaka 15 inapata sehemu ya asilimia 5 ya ile pesa. Kila sezoni ya miaka 16 mpaka 23 inapata asilimia 10.

Tuseme mutoto amecheza kwenu miaka minne, toka 12 mpaka 15, na siku moja klabu ya inje inamununua kwa dola 1.000.000. Asilimia 5 ni dola 50.000. Sezoni zenu nne, kila moja asilimia 5, zinafanya asilimia 20. Asilimia 20 ya dola 50.000 ni dola 10.000. Akiuzwa tena, munapata tena. Zaidi ya hapo kuna malipo mengine ya malezi, mutoto anaposaini mukataba wa kwanza wa kazi ya mupira.

Tangu mwezi wa 11 wa mwaka 2022, FIFA ina ofisi kule Paris ya kupitisha hizo pesa. Lakini ofisi haitatuma motari Nyangwe kuuliza nani alimufundisha mutoto. Inasoma tu kile kilichoandikwa. Ekipi lazima ijulikane kwenye serkle ao antanti yake, na kupitia ligi mpaka FECOFA. Mutoto lazima awe na lisansi, jina lake la kweli, tarehe yake ya kweli. Jina likibadilishwa njiani, ekipi ya kwanza inapotea kwenye karatasi. Umri ukipunguzwa, miaka ya malezi inachanganyika. Basi siku nilipoandika 14 kwenye daftari langu, nilikuwa ninatupa pesa ya kijiji kwenye Lualaba.

Manaja akibisha mulango

Siku moja mutu atakuja na simu kubwa na picha za viwanja. Atasema: «Mama, huyu mutoto ni Mazembe kabisa. Anatoka kesho.» Kisha ataomba pesa ya safari, ya paspoti, ya mutihani wa kujaribiwa. Wengine wanauza shamba, wengine wanauza zahabu ya miezi sita. Mbele hujafungua mukono, uliza haya.

Kwanza: mutoto ana miaka ngapi, na anapelekwa wapi? Kufatana na sheria ya FIFA, mutoto mwenye hajafikia miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi ingine kwa ajili ya mupira, ila kwa sababu chache sana, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa kazi yao. Mutu anayesema atapeleka mutoto wa miaka 15 Ulaya kusaini mukataba, anakudanganya ao anataka kuvunja sheria na mutoto wako.

Pili: lisansi yako ya manaja iko wapi? Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, mutu anayefanya kazi hiyo kwa uhamisho wa nchi na nchi lazima awe na lisansi ya FIFA, na majina yao yanaonekana wazi kwenye intaneti. Omba jina lake lote, umupe mwalimu ao kijana mwenye simu alitafute. Tena sheria inasema hawezi hata kuzungumza mambo ya mukataba na mutoto bila ruhusa ya wazazi kwa maandishi.

Tatu: klabu iliandika barua gani, na nani alisaini? Piga simu kwa klabu, si kwa namba yenye manaja alikupa.

Ine: mutoto atalala wapi, na atasoma masomo gani? Akademi za kweli zinafundisha watoto na darasani pia. Akademi ya Katumbi kule Lubumbashi, yenye ilianzishwa mwaka 2012, ni mumoja wa mifano. Mutu asiyejibu swali la masomo, hakuja kwa ajili ya mutoto.

Tano: nani analipa? Klabu inayomutaka mutoto inamulipia njia. Mukataba wa kweli hauanzi na gramu za mama.

Kwa wasichana, ongezeni macho mara mbili. Mupira wa wanawake unapanda. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika. Ni furaha. Lakini msichana asiondoke na mwanaume mumoja, usiku, kwenye pikipiki, eti anaenda kujaribiwa. Mama ao shangazi aende naye. Manaja akikataa, jibu umepata.

Wenye wanabaki inje

Nimesema sana juu ya wale wanaochukuliwa. Nimalizie na wale wanaofutwa.

Hapa kwetu mutoto akifutwa kwenye listi hana pahali pengi pa kwenda. Uwanja ukifungwa, kariere iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mwenye hajafikia miaka 18 ni mutoto, na kazi ya shimo haimuhusu. Kodi ya mines nayo inasema karata ya muchimbaji inatolewa kwa mukubwa tu. Lakini sheria haikai pale mtoni saa mutoto anabeba mchanga. Kochi, sekretere na PDG wanakaa pale. Mustari moja wa kalamu unaweza kumusukuma.

Na mambo ya umri yanaanza mbali, kwenye kitanda cha kuzaa. Sheria ya familia, kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, inatupa siku 90 za kumuandikisha mutoto kwa ofisi ya serikali. Tukiziacha zipite, inabidi baadaye kupita kwa tribinali, na pale njo waongo wanapata nafasi ya kuweka mwaka wanaotaka. Mutoto mwenye hana karatasi, kila mutu anaweza kumupa umri.

Katika ekipi yetu tumeweka desturi ine, na tunazishika. Listi inasomwa kwa sauti uwanjani, mbele ya wazazi, wiki mbili mbele ya turnua. Mama yeyote anaweza kusema «huyu ninajua mwaka wake». Baada ya pale hakuna jina linaloingia. Kila mutoto aliyeandikwa anacheza, hata dakika 20, hata tukiwa nyuma. Na mwenye kutununulia jezi tunamushukuru mbele ya watu wote, lakini kalamu hatumupi.

Tumepoteza michezo kwa sababu ya desturi hizi. PDG mumoja alituacha, akaenda kwa wengine. Mwaka uliofuata alikuja mwingine, mwenye mutoto wake mwenyewe alifutwa kwenye ekipi ya kariere. Hakuomba kitu. Alisema tu: «Mimi ninataka acheze na wenzake.»

Mutoto wa dada yangu alikaa kwenye mchanga mwaka na miezi. Tulimurudisha masomo, sasa iko sekondari. Mupira hakuurudia. Siku moja alikuta lile daftari la zamani nyumbani kwangu, akalifungua mpaka ukurasa ule. Akaangalia jina lake na mustari juu yake, akaangalia namba 14 nilizoandika mara tatu chini.

Akaniuliza: «Mujomba, hii ni mwandiko yako?»

Nikamujibu ndiyo.

Daftari ningali nalo. Kila mara PDG ao manaja akinikaribia na jina jipya, ninalifungua pale kwanza, kisha njo ninamujibu.